Kumjibu Tiva wa Mafunjo

Mmeniomba niwaandikie jinsi kazi yetu ilivyokuwa, na Mercy akaongeza kwamba nisisahau kutaja vyeo nilivyopanda. Vyeo vitawachosha. Niliingia nikiwa mtu wa kutazama ndege, na nimetoka nikiwa mtu wa kutazama ndege mwenye magoti mabovu, basi. Nitaandika yale ambayo hamtafundishwa darasani. Mwishoni nitaeleza habari ya yule ndege, tiva mwenye pete, kwa sababu wengi wenu mmeisikia nusu, na hiyo nusu imetiwa chumvi hadi mwenyewe siitambui.

Siku yangu ya kwanza nilipelekwa bonde la Lambwe, mwezi wa Juni, nimevaa sare mpya ya buluu iliyokoza. Niliyekabidhiwa kwake alikuwa Mzee Ogutu, mtu wa Rangwe, mwembamba, aliyekuwa fundi wa baiskeli kabla ya kuingia kazi hii. Aliniangalia kuanzia juu hadi chini, akauliza ni nani aliyenivalisha hivyo. Nikasema ni ofisi. Akanionyesha kitambaa kilichoning'inia kwenye mgunga, mtego wa mbung'o, na rangi yake ilikuwa ile ile ya sare yangu. Mbung'o huifuata rangi hiyo, ndiyo maana mitego yao hushonwa nayo. Alinipa koti lake la kaki lililonifika magotini, lakini kufikia adhuhuri shingo yangu ilikuwa imevimba na wadudu bado wana hamu. Sare hiyo haikubadilishwa kwa miaka mingi. Nyinyi mnaovaa kaki leo mjue kuna shingo zilizowatangulia.

Wageni wetu wengi huja kati ya Juni na Agosti, kwa kuwa huko kwao ni majira ya joto na shule zimefungwa. Kwetu hiyo ndiyo miezi ya asubuhi zenye baridi na nyasi zinazoanza kukauka. Ndege wa kwao, wale wanaokimbia barafu kuja kwetu, wakati huo wamerudi nyumbani wanalea watoto. Kwa hiyo mgeni anafunga safari kutoka pale ndege wake walipo, anakuja kwetu wakati hawapo. Mwanzoni nilidhani ni watu wasiojua kalenda. Mzee Ogutu akanieleza kwamba hao wanataka wetu, hasa mbayuwayu wa buluu, ambaye huja Lambwe akitoka kusini miezi hiyo hiyo, na mvua zikikaribia anaondoka.

Mbayuwayu huyo hatazamwi kwa kukimbizana naye na darubini. Mzee Ogutu alinikalisha kwenye kichuguu, akaniambia nikae mpaka nyasi zinisahau. Nilikaa. Saa za kwanza nilimwona swala, nikaona kanga, nikaona nyayo za nyati ambazo hazikunifurahisha. Halafu, bila kishindo, mbayuwayu wakawa wanapita juu ya nyasi karibu na magoti yangu, weusi kwa mbali na buluu wakigeuka juani, mkia mrefu kama uzi. Nilitaka kumgusa mtu bega nimwambie tazama. Mzee alikuwa mbali kwenye kichuguu chake. Hapo ndipo nilipoijua kazi hii: kitu kizuri kikija, mara nyingi uko peke yako.

Kuhusu vifaa nitasema machache. Darubini ivaliwe shingoni, isiachwe mkobani, kwa kuwa ndege hangoji zipu. Viatu vya mpira vinunuliwe vikubwa kidogo ili tope likivishika uweze kutoka bila kuviacha. Usijipake mafuta yenye harufu. Beba chakula chako, na usile omena, dagaa wetu wa ziwani, ukiwa msituni kama hutaki siafu wajue jina lako. Mzee Ogutu alikuwa na darubini yenye jicho moja linaloona. Hilo lingine lilikuwa na ukungu tangu lilipoanguka majini. Alikataa nyingine. Alisema ndege hana haja ya kuonekana mara mbili.

Baadaye tulihamishiwa kwenye mafunjo ya ghuba yetu, kati ya mji wa Homa Bay na Mbita, na huko ndiko nilikofanya kazi hadi mwisho. Wanaokuja kwenye mafunjo hawaji kwa ajili ya mandhari. Wanamtaka tiva wa mafunjo: mgongo mweusi, tumbo jekundu, utosi wa manjano, mstari mweupe bawani. Ukisikia hivyo utadhani anaonekana kutoka barabarani. Haonekani. Anakaa ndani kabisa ya mashina, na mtu anaweza kupita na mtumbwi karibu naye asione ila maji.

Lakini anasikika. Dume hupiga mluzi mzito wa kuteremka, na kabla haujaisha, jike hujibu kwa mkwaruzo mfupi, kama mtu anayepitisha ukucha kwenye meno ya kitana. Sauti hizo zinashikana hivi kwamba asiyejua husema ni ndege mmoja. Tulipokuwa na wageni, Mzee Ogutu alikaa mbele ya mtumbwi akapiga mluzi wa dume, nami nikiwa nyuma na upondo nikajibu kwa ulimi kwenye kaakaa. Tiva wenye kipande hicho cha mafunjo wakisikia jozi ngeni imeingia shambani mwao hutoka wote wawili kuifukuza, na mgeni anapata alichokijia. Ilinichukua msimu mzima kupata mkwaruzo ule. Nikiwahi, Mzee alitikisa kichwa. Nikichelewa, alitikisa kichwa. Siku nilipopata hakunisifu, alipiga mluzi wa pili tu, nami nikajibu.

Simu zilipokuja na milio ya ndege iliyorekodiwa, ofisi ilikataza kuipiga, na ilifanya vizuri, kwa sababu simu haichoki na ndege anachoka. Sisi tulichoka. Tulikuwa na kanuni pia. Ya kwanza, ndege akishatoka, funga mdomo. Ya pili Mzee aliniambia siku moja tukiwa tunarudi, bila kuulizwa, akitazama maji.

"Aliye na mwenzake huja na hasira," alisema. "Aliye peke yake huja haraka. Ukiona amekuja haraka, nyamaza. Akijibiwa hatatafuta tena."

Mzee Ogutu alistaafu akarudi Rangwe, na hakukaa sana kabla ya kufariki. Kwenye mazishi watu walizungumzia baiskeli alizotengeneza na mabati aliyochangia kanisani. Hakuna aliyetaja ndege. Nilikuwa nimekaa nyuma na akina mama, na wakati jeneza linashushwa niligonga ulimi mara moja, kinywa kikiwa kimefungwa. Mama aliyekuwa kando yangu alinipa peremende, akidhani koo limenikauka.

Baada ya hapo nilikuwa nusu ya mlio. Jike peke yake hamtoi mtu kwenye mafunjo, kwa hiyo ilinibidi nijifunze na mluzi wa dume, na hapo shida ikaanza nyumbani. Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Mume wangu alikuwa ameshafariki, nami nilikuwa naishi kwenye boma pamoja na mama yake. Aliposikia nikijaribu nyuma ya jiko, alitoka na mwiko mkononi. Nilimweleza ni kazi. Alisema kama ni kazi basi nikaifanyie kazini, bomani mwake hapana. Nikawa nafanyia mazoezi majini, alfajiri, peke yangu kwenye mtumbwi, dume na jike ndani ya mdomo mmoja. Nilifanikiwa. Wageni walipenda, wengine walinirekodi. Lakini nawaambia ukweli, kujiita na kujijibu ni jambo linaloweza kumchosha mtu moyo.

Mama mkwe naye akafa. Mwanangu alikwenda Mombasa, kisha Qatar, akawa ananipigia Jumapili mtandao ukikubali. Ofisini walikuja vijana na kuondoka, kila mmoja akinunua soda ya kuagana. Miaka mingi ya kazi hii nilikuwa mpweke, na sioni sababu ya kuipamba. Asubuhi nilitia chai kwenye chupa, nikasukuma mtumbwi, na sauti ya kwanza niliyoitoa siku nzima ilikuwa ya ndege.

Sasa tiva mwenye pete. Watafiti waliwahi kuweka wavu kwenye kile kipande kidogo cha mafunjo chini ya shule, wakamvisha dume mmoja pete nyeupe mguuni. Alikuwa na jike wake. Kiangazi kimoja moto wa mashamba ukashuka hadi majini, ukala mafunjo yote ya ufukwe ule, ukabakisha kipande hicho, na kipande chenyewe kikaungua pembeni. Nilikwenda asubuhi iliyofuata. Dume alikuwa anaita. Nilingoja mkwaruzo, haukuja. Aliita tena kutoka upande mwingine, akangoja, akaita. Ng'ambo ya ghuba kulikuwa na mafunjo makubwa ya mtoni, yamejaa ndege, lakini kati yake na huko kulikuwa na maji mapana, na tiva si ndege wa kuvuka maji bila sababu.

Mwezi wa Julai akaja mgeni mmoja, mama mzee aliyesafiri peke yake. Wengine huja kwa makundi na kofia za kufanana. Huyu alikuja na mkoba mdogo na darubini ya mumewe marehemu, akasema ndege aliyebaki kwenye orodha ya mumewe ni huyu. Ghuba ilikuwa na mawimbi siku hiyo, tusingeweza kuvuka. Nikampeleka kwenye kipande. Dume akaita, nami nikajibu kwa ulimi. Hata sikuhitaji mluzi. Alitoka mara moja, akakaa kwenye shina mbele yetu, tumbo jekundu jua limelipiga, pete mguuni. Yule mama alitazama hadi machozi yakaingia kwenye lenzi. Mimi nilikuwa nimeona kingine. Dume alikuwa amekuja haraka.

Mgeni aliondoka siku hiyo hiyo. Asubuhi iliyofuata sikuwa na mtu wa kumwonyesha kitu, lakini nilisukuma mtumbwi hadi kwenye kipande. Aliita, nikajibu. Akatoka, akakaa karibu kuliko jana. Kanuni ya Mzee Ogutu naijua kama jina langu, na nilijibu. Nilifurahi. Nilimimina chai kwenye kifuniko nikanywa, naye akijisafisha manyoya, na siku hiyo ofisini Mercy aliniuliza kama mwanangu anarudi, kwa vile nilivyokuwa na uso mzuri.

Mercy mnamjua, msichana wa Kehancha aliyekuja kuchukua nafasi yangu. Alinikuta nikiwa nimebakiza msimu mmoja. Nilimfundisha mtumbwi, upondo na mbung'o, lakini asubuhi za kipande kile nilikwenda peke yangu. Nilimwambia ni kwa sababu ya magoti, nahitaji kwenda polepole. Hakuuliza zaidi.

Kuna jambo ambalo lazima mlijue kuhusu akina mama wa jamvi. Wao hukata mafunjo kwa ajili ya kusuka, na tangu enzi za mama zao wana desturi: hawakati mahali ambapo tiva anaita na kujibiwa. Wanasema wawili hao wana kiota, na pia ndio wanaokula viwavi wanaotoboa mashina. Penye sauti moja wanakata, penye sauti mbili wanapita. Desturi hiyo mimi mwenyewe nimewahi kuwaeleza wageni, tena kwa majivuno. Haikunipitia akilini hata siku moja kwamba kuna mtu anayeuhesabu ulimi wangu kuwa ndege.

Kiongozi wao anaitwa Pamela. Nilikutana naye ufukweni, amelowa hadi kifuani, ameweka mzigo wa mafunjo kichwani. Akanisalimia kwa jina wanaloniitia huko, maana yake binti wa kwetu nilikozaliwa.

"Nyar Karungu, hao ndege yako wataangua lini?"

Nikamuuliza ndege gani.

"Wa pale chini ya shule. Kila asubuhi tunaskia wawili wanaongea, tukawaachia. Lakini huku kwingine kuliungua, so tunakata huko ndani kwa maji mingi. Jana kiboko ilinusa mtumbwi yetu. Sikudanganyi, ilinusa."

Wanawake sita kwenye mtumbwi mwembamba, kwenye maji ya kiboko, kwa sababu yangu na chupa yangu ya chai. Nilimwambia aushushe mzigo kwanza. Aliushusha.

"Pamela, anayejibu ni mimi."

Alicheka hadi akaketi juu ya mafunjo yake. Alicheka akapangusa macho na leso iliyolowa, akaangalia uso wangu, akaacha.

"Na ulikuwa unamjibu ya nini, na wageni walishaenda?"

"Hakuna mwingine alikuwa ananiita asubuhi," nikamwambia.

Alikamua leso, akaikunjua, akaikamua tena ilhali haikuwa na maji. Kisha akasema nikinyamaza, wao watakaa nchi kavu wasuke yale yaliyokauka, wakimngoja aende. Lakini yasipite majuma mengi, maana jamvi ndilo linalolipa karo. Nilimuuliza, na kama hataki kwenda?

"Ataenda. Bwana yangu wa kwanza alienda kuvua huko kisiwa ya Remba akaacha kushika simu. Nililia, nikapiga, nikapiga. Si niliondoka?"

Kesho yake nilikwenda kwenye kipande na Mercy. Nilimweleza yote njiani, kwa kuwa lilikuwa jambo la kazi sasa. Angeweza kucheka. Aliuliza tu, "Madam, tukikaa mbali si itakuwa rahisi kwako?" Nikamwambia tunakaa pale pale, nataka dume anione nikiwa kimya. Nikatia kipande cha muwa kinywani ili ulimi upate kazi nyingine.

Aliita. Nilitafuna. Aliita kutoka ndani, akangoja, kisha kutoka pembeni, kisha kutoka kwenye shina lililoinamia mtumbwi, na hapo akanitazama kwa jicho lake jeupe. Mnajua ndege wanavyotazama, kichwa upande. Sitasema alinielewa, sikulelewa hivyo. Lakini mwili wangu wote ulitaka kumjibu. Mercy alikuwa amenishika mkono na mimi sikujua ni tangu lini. Tulirudi kesho, na keshokutwa, na siku zilizofuata, na kila asubuhi aliita akitumia muda mrefu zaidi kungoja. Kuna asubuhi nilirudi na damu mdomoni, muwa ulikuwa umeisha na sikuwa nimetambua kwamba natafuna shavu.

Halafu asubuhi moja hakuita. Tulizunguka kipande chote. Hatukuona manyoya, hatukuona damu, nyayo za kicheche wala nyoya la kipanga. Mercy akasema amevuka. Nikasema huenda. Mtu wa kazi hii hasemi amevuka mpaka aone, na hatukuwa tumeona. Tulikwenda mafunjo ya mtoni tukasikia jozi nyingi, na kila mguu tulioupata kwenye darubini ulikuwa mtupu. Pamela na wenzake wakaingia na mundu wakakikata kipande, polepole, kuanzia ukingoni kwenda majini, wala hawakuimba kama kawaida yao. Siku ile ile niliyorudisha darubini ya ofisi, kipande hakikuwepo tena.

Sherehe ya kuniaga mliiandaa nyinyi wenyewe na mnajua mlivyokula. Pamela alifika amechelewa, akaniletea jamvi. Hakuniambia ni la mafunjo ya wapi, nami sikuuliza, lakini lina mashina machache yaliyoungua upande mmoja.

Sasa niko Karungu, upande wa Migori, kwenye nyumba ya baba yangu. Ziwa lipo lakini mbele yangu ni mchanga na nyavu, hakuna mafunjo. Asubuhi naamka saa zile zile na sina pa kwenda. Nakaa juu ya jamvi mlangoni, nanywa chai, nasikia kunguru na redio ya jirani. Mwanangu hunipigia Jumapili. Kwa miezi hii jambo moja tu ndilo lililonikosesha raha, nalo si upweke, huo tumezoeana. Ni kwamba sikujua kama nilimnyamazia akaenda, au nilimnyamazia akafa.

Juzi, nikiwa jikoni nachagua maharagwe, simu ikalia. Mercy alikuwa na wageni mtoni, wa majira yao ya joto, wa kwanza mwaka huu. Alinong'ona.

"Madam, ni yeye. Nimeiona hiyo mguu, iko na pete. Usiseme kitu, skiza tu."

Nikasikia maji yakigonga mtumbwi, nikasikia mtu akikohoa na mwenzake akimnyamazisha. Kisha mluzi ule mzito wa kuteremka. Ulimi wangu ukapanda wenyewe hadi kwenye kaakaa, ukakaa pale tayari, na kabla haujashuka nikasikia mkwaruzo, kwa wakati wake, haukuwahi wala haukuchelewa.

Nikafunga mdomo. Alikuwa ameshajibiwa.